Nilimeza vidonge, nimepata mimba, na mume wangu haniamini

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31. Nakuandikia usiku huu kwa sababu nyumbani kwangu hakukaliki, na mtu wa kumwambia sina.

Tangu nilipomwachisha ziwa mtoto wa pili nimekuwa nikimeza vidonge vya uzazi wa mpango, vile vya pakiti ya 28: vyeupe 21 na vya kahawia saba. Nameza usiku nikishapiga mswaki. Ni zaidi ya miaka miwili sasa na sijawahi kupata shida.

Hivi karibuni mama mkwe aliugua ghafla. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, nikaenda mimi kumuuguza. Nilidhani nitakaa siku tatu au nne, kwa hiyo nilibeba pakiti niliyokuwa natumia, basi. Nikakaa wiki mbili. Vile vya kahawia viliisha Jumanne nikiwa bado huko, na pakiti mpya ilikuwa nyumbani kwenye droo. Sikuhangaika. Nilijiambia nimemaliza pakiti nzima bila kuruka hata kimoja, na damu yangu imekuja kama kawaida. Jumamosi nikarudi, usiku uleule nikafungua pakiti mpya na kuendelea. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekumbukana, mama, unaelewa.

Wiki iliyofuata koo likaniuma, nikaandikiwa amoksilini na nikaimaliza yote. Pakiti nayo ikafika vya kahawia, damu haikutoka. Nikapima mkojo, mistari miwili. Siku kumi baadaye nikapiga ultrasaundi: mimba ya wiki saba, imekaa vizuri ndani ya mji wa mimba, moyo unapiga.

Mume wangu alikaa kimya siku nzima. Kesho yake akaja na ile karatasi ya ndani ya pakiti, akaweka kidole mahali palipoandikwa kwamba vidonge vinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99. Akaniuliza, "Hiyo asilimia moja imekukuta wewe vipi?" Anaamini niliacha kumeza kimyakimya, kwa kuwa niliwahi kusema natamani mtoto wa kike. Na kuna baya zaidi ya hilo. Nimemwona mara mbili anahesabu kwenye kalenda ya simu. Ukirudi nyuma wiki saba, mimi nilikuwa kwa mama yake na yeye alikuwa hapa nyumbani. Hajalitamka, lakini halali chumbani tena.

Mama, sikuacha vidonge na sikutoka nje ya ndoa. Je, inawezekana mtu akameza na bado akapata mimba? Au ni ile amoksilini? Na huyu mtoto, atakuwa hajadhurika? Maana nilimeza mpaka siku ya kupima. Nataka kumzaa, ila nataka kumzaa kwa amani. Na nikishajifungua, nitumie nini nisirudi hapa nilipo?

Mke aliyechoka kujieleza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Inawezekana. Na katika kisa chako wala si la kubahatisha, kwa sababu umeandika siku kwa siku na jibu limo humohumo kwenye barua yako. Miaka niliyokaa katika chumba cha uzazi wa mpango nimeona kisa kama hiki mara nyingi mno, na karibu kila mara mwanamke alikuwa amekuja na aibu ambayo haikuwa yake.

Nianze na kalenda, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi kuliko vidonge.

Mtu wa ultrasaundi akisema mimba ina wiki saba, hamaanishi kwamba wiki saba zilizopita ndipo ilipotungwa. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa kawaida huwa kama wiki mbili kabla yai halijatoka. Yaani wiki mbili za mwanzo za kila mimba, mwanamke huwa hana mimba. Ultrasaundi hupima urefu wa kijusi, kisha hutoa jibu kwa hesabu hiyohiyo, hata kama mwanamke hakumbuki hedhi yake ilianza lini. Kwa hiyo wiki saba za kwenye karatasi ni kama wiki tano tangu mimba itunge. Chukua kalenda, tafuta siku uliyopiga ultrasaundi, urudi nyuma wiki tano. Utaangukia siku zilezile za mwanzo baada ya ile Jumamosi uliyorudi nyumbani. Kipimo cha mapema namna hiyo kinaweza kupishana kwa siku tano hadi saba, huku au huku, lakini katikati yake ni siku mlizokuwa pamoja wewe na mumeo.

Naomba umweleze jambo hilo kabla ya lingine lolote. Wanaume wengi hawajawahi kuelezwa namna wiki za mimba zinavyohesabiwa, na nimeona nyumba zikitikisika kwa sababu ya wiki mbili hizo. Si lazima amekuwa mkatili. Huenda amehesabu kwa uaminifu kabisa, akaanzia mahali pasipo.

Sasa vidonge vyenyewe. Vile vyeupe 21 vina homoni mbili, na kazi yao kubwa ni kuzuia yai lisipevuke na kutoka. Pia huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu zishindwe kupita. Vile saba vya kahawia havina homoni hata chembe. Vingi ni madini ya chuma tu, vimewekwa ili usipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Ukiwa kwenye vya kahawia, mwili wako unaishi kwa kinga ya vile vyeupe ulivyomaliza. Kinga hiyo ipo kweli, hutakiwi kuogopa tendo la ndoa wiki ile, mradi pakiti inayofuata inaanza kwa wakati wake. Lakini ovari hazilali wiki nzima. Kadiri siku zinavyokwenda bila homoni, vijifuko vya mayai huanza kukua, na ikifika siku ya saba kwa baadhi ya wanawake vimeshakua vya kutosha. Kidonge cheupe cha kwanza cha pakiti mpya ndicho kinachovirudisha usingizini.

Wewe ulimaliza vya kahawia Jumanne. Ulitakiwa kumeza cheupe Jumatano. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zikapita. Ukijumlisha na wiki ya vya kahawia, umekaa siku kumi bila homoni. Halafu ukarudi Jumamosi, ukaanza pakiti, mkalala pamoja. Ovari ikishaamka, unahitaji vidonge vya homoni saba mfululizo kabla hujaweza kuiamini tena kwamba imelala. Mbegu za mwanamume nazo zinaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku tano zikisubiri yai. Weka hayo pamoja uone jinsi nafasi ilivyofunguka wazi, bila hila ya mtu yeyote.

Uliniambia hukuhangaika kwa sababu ulikuwa umemaliza pakiti nzima. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na silaumu, kwa sababu mtu akifikiria kwa akili ya kawaida anaona kidonge kilichosahaulika katikati ya pakiti ndicho cha hatari, na kuchelewa kuanza pakiti mpya ni jambo dogo. Ni kinyume chake. Kidonge kimoja kikisahaulika katikati, baada ya siku nyingi za kumeza vizuri, mwili hustahimili. Vikikosekana mwanzoni au mwishoni mwa vyeupe, vinairefusha wiki isiyo na homoni, na hapo ndipo mimba nyingi za vidonge zinapoanzia. Ningependa kila anayegawa pakiti ya kwanza aliseme hili kwa sauti na kulirudia, badala ya kumaliza na "meza kila siku" na kuita mwingine.

Damu uliyoiona kwa mama mkwe nayo ilikupa faraja isiyokuwa na msingi. Damu ya wiki ya kahawia si hedhi hasa. Hutoka kwa sababu homoni imesimama ghafla na utando wa mji wa mimba unabanduka. Waliotengeneza kidonge cha kwanza, kilichoidhinishwa Marekani kwa kuzuia mimba mwaka 1960, waliyaweka mapumziko hayo ili mwanamke aendelee kuona damu kila mwezi kama alivyozoea. Kuja kwake kulionyesha kwamba homoni imetoka mwilini, basi. Haikusema lolote kuhusu siku zilizokuwa zinakuja.

Sasa ile asilimia 99 ambayo mumeo ameiwekea kidole. Namba hiyo ni ya kweli, ila ina masharti, na mara nyingi masharti yenyewe yameandikwa palepale jirani: vikitumiwa kwa usahihi. Maana yake ni hii. Wachukue wanawake 1,000 wanaomeza mwaka mzima bila kukosea siku, bila kuchelewesha pakiti, bila kutapika wala kutumia dawa inayogongana nayo. Kama watatu watapata mimba. Kidonge chenyewe ni kizuri kiasi hicho.

Lakini wataalamu huwa na namba ya pili, na ndiyo inayowahusu watu wenye kazi, watoto, safari na wagonjwa wa kuuguza. Wachukue wanawake 100 wanaotumia vidonge kama watu wanavyotumia kweli, wakijumlishwa wale wanaosahau na wanaoishiwa pakiti. Ndani ya mwaka, kama saba hupata mimba. Si mmoja, ni saba. Ndiyo maana utaona mahali pengine pameandikwa asilimia 99 na pengine 93, na watu wakadhani mojawapo ni uongo. Zote ni za kweli. Ya kwanza inapima dawa, ya pili inapima dawa ikiwa mikononi mwa binadamu. Na kumbuka ni hesabu ya mwaka wa matumizi, haina maana kwamba kila mkilala pamoja kuna nafasi saba kati ya mia.

Nisingependa msomaji yeyote anayemeza vidonge akatupe pakiti yake baada ya kusoma hapa. Wanawake 100 wa umri wa kuzaa wanaolala na waume zao bila kinga yoyote, karibu 85 hushika mimba ndani ya mwaka. Kutoka 85 hadi saba ni ulinzi mkubwa. Kondomu peke yake, kwa matumizi ya kawaida, ni kama 13. Kumwaga nje ni kama 20. Kidonge kinafanya kazi, isipokuwa kinafanya kazi kwa yule anayekimeza, na kinadai akimeze kila siku ya maisha yake, hata siku ambazo ana mambo mazito zaidi ya kukumbuka.

Amoksilini haina hatia. Imani kwamba dawa yoyote ya bakteria inaua nguvu ya vidonge imeenea sana, lakini antibaiotiki za kawaida kama amoksilini hazigusi homoni hizo. Ya kuogopa ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na ndugu zake. Hizo huliharakisha ini kuziyeyusha homoni kabla hazijafanya kazi. Baadhi ya dawa za kifafa nazo ni hivyohivyo: kabamazepini, fenitoini, fenobabitali. Baadhi ya dawa za VVU pia, kama efavirenzi. Anayetumia yoyote kati ya hizo asiiache dawa yake kwa ajili ya kidonge. Abadili njia ya uzazi wa mpango, na amwambie mhudumu majina ya dawa zake zote, hata zile za miti shamba. Kinachogongana na vidonge kila siku ni tumbo. Ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza, meza kingine. Ukiharisha sana au kutapika zaidi ya siku moja, zichukulie siku hizo kama ulizosahau.

Kuhusu mtoto, pumua. Wanawake wengi sana wamewahi kumeza vidonge hivi bila kujua kwamba tayari wana mimba, na hakuna ushahidi kwamba vinaleta ulemavu au vinatoa mimba. Acha kumeza sasa, kama hujaacha, kwa sababu tu havina kazi tena. Anza asidi ya foliki leo, usisubiri tarehe ya kliniki, kisha uende kliniki mapema na utaje kwamba ulikuwa kwenye vidonge, siyo kwa kujitetea bali ili iandikwe kwenye kadi. Nimefurahi ultrasaundi imeonyesha mimba iko mahali pake, kwani mwanamke akishika mimba akiwa kwenye njia ya kuzuia mimba, hasa vile vidonge vya homoni moja au kitanzi, ni lazima kuhakikisha haikutunga nje ya kizazi. Hata hivyo, ukipata maumivu makali ya tumbo, damu, au kizunguzungu cha kuanguka, usinisubiri mimi wala mumeo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa naomba umpe mumeo simu yako, asome sehemu hii mwenyewe.

Baba, nakusalimu kwa heshima. Sikujui, na sina sababu ya kumtetea mkeo kwa kuwa ni mwanamke mwenzangu. Ninachokuomba ni kwamba uchukue kalenda ileile uliyokuwa unahesabia na uhesabu upya: wiki saba za ultrasaundi, toa mbili. Kisha uangalie siku tatu ambazo pakiti haikufunguliwa. Mkeo hakuzitumia kwenye starehe. Alikuwa kando ya kitanda cha mama yako, akifanya kazi ambayo wewe hukupata ruhusa ya kwenda kuifanya. Anayetaka kuacha vidonge kwa siri hakimbilii kufungua pakiti usiku uleule aliofika, wala haendelei kumeza mwezi mzima akiwa na mimba tayari. Kutamani mtoto wa kike kwa mdomo ni jambo moja, kukudanganya ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili hakuna ushahidi unaoyaunganisha isipokuwa hasira.

Kuna swali jingine nakuachia. Kwa miaka miwili na zaidi, kidonge cha usiku kilikuwa juu ya nani? Je, uliwahi kumuuliza akiwa safarini kama amebeba pakiti ya kutosha? Alipofika Jumamosi uliuliza, au mlifurahi wote wawili? Mimba ilikuwa ikizuiwa na watu wawili kwa jina, na mmoja kwa kazi. Sasa imetokea, si haki lawama ziende kwa yule aliyekuwa akifanya kazi.

Kama shaka bado itakung'ang'ania baada ya kuhesabu, nendeni pamoja kliniki, uulize mbele ya mhudumu ulichoniuliza mimi kupitia kwa mkeo. Muulize kuhusu tarehe, kuhusu vidonge, kuhusu chochote. Kipimo cha vinasaba kipo, mtoto akishazaliwa kinafanyika, sikuzuii. Lakini kukidai wakati hesabu imekupa jibu ni kumwadhibu mtu kwa miezi saba kwa kosa ambalo hakulitenda, na hilo hata kipimo kikija na jibu zuri hakilirudishi.

Mwanangu, nirudi kwako. Usijieleze tena usiku huu. Mpe asome, umwache nalo. Akirudi na maswali, jibu maswali. Akirudi na matusi, nyamaza na umtafute mtu mnayemheshimu wote wawili. Mama mkwe mwenyewe, kama hali yake imetulia, ni shahidi wa siku ulizokaa naye na sidhani atapenda kusikia wema wako umegeuzwa kuwa hivi. Na kama hasira ya mumeo itavuka maneno, iwe kwa kukusukuma au kukufungia, ondoka kwanza, tutazungumza baadaye.

Umeuliza utumie nini baadaye. Sitakuchagulia, ila nitakwambia ninachokifikiri. Wewe si mzembe. Miaka miwili umemeza vizuri kuliko wengi. Lakini maisha yako yana safari za ghafla na watu wanaokutegemea, na njia inayotegemea kumbukumbu ya kila siku inakudai kitu ambacho siku nyingine hutakuwa nacho. Kwa hiyo ningeuliza kwanza kuhusu vijiti vya mkononi au kitanzi. Kwa vijiti, ni kama mwanamke mmoja tu kati ya 1,000 anayepata mimba kwa mwaka. Kwa kitanzi ni chini ya mmoja kati ya 100. Na hapo namba ya maabara na namba ya maisha hukaribiana sana, kwa kuwa hakuna cha kusahau. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, ikipita hapo mnasubiri wiki nne. Vijiti vinaweza kuwekwa hata kabla hujatoka wodini, na vyote havikuzuii kunyonyesha. Vijiti huvuruga mpangilio wa damu kwa wanawake wengi, kitanzi cha shaba huweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi. Ulizia hayo kabla, usije ukashtuka ukaking'oa baada ya miezi miwili.

Kama mtaona watoto watatu wametosha kabisa, mumeo anaweza kufunga mirija yake. Ni upasuaji mdogo, mwepesi kuliko wa mwanamke, haugusi nguvu zake za kiume, na baada ya kama miezi mitatu mbegu zikishapimwa na kuonekana zimeisha, mmepumzika.

Ukipenda kurudi kwenye vidonge, nakuheshimu, wapo wanaovipenda na vinawafaa. Ila ukiwa unanyonyesha, vya homoni mbili ulivyokuwa navyo havianzwi mapema. Kwa kawaida husubiriwa hadi mtoto afikishe miezi sita. Kabla ya hapo kuna vile vya homoni moja, ambavyo vingi havina vya kahawia wala mapumziko. Hivyo ni vikali zaidi kuhusu muda: vya aina ya zamani, ukichelewa zaidi ya saa tatu unahesabiwa umekosa, na unatumia kondomu kwa siku mbili. Vipo vya aina nyingine vinavyovumilia saa 12 au zaidi, kwa hiyo muulize mhudumu ni vipi hasa anavyokupa. Na wakati wa kurudi kwenye vya homoni mbili, presha ipimwe kwanza, na useme ukweli kuhusu sigara, kuganda kwa damu, na kipandauso kinachokuja na mwangaza machoni. Wenye historia ya kuganda kwa damu au kipandauso cha namna hiyo hawapewi, wala mvuta sigara aliyefikisha miaka 35.

Ukisharudi, sheria yako iwe moja kuhusu mapumziko: yasizidi siku saba kamwe. Pakiti mpya inunuliwe au ichukuliwe kabla vya kahawia havijaanza, na ikae kwenye mkoba pamoja na ile unayomeza. Ukichelewa kuanza kwa siku mbili au zaidi, anza mara moja na mtumie kondomu mpaka umemeza vyeupe saba mfululizo. Ikiwa mlishalala pamoja katika siku tano zilizopita, nenda ukaulizie kinga ya dharura siku hiyohiyo. Vidonge vya dharura vya kawaida hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku tatu, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Kuna vingine vinavyofika siku tano, lakini hivyo hugongana na vidonge vyako vya kila siku, kwa hiyo uliza lini unaruhusiwa kuendelea. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinashinda vyote.

Ukikosa viwili au zaidi katika wiki ya mwisho ya vyeupe, meza kile cha karibuni ulichokosa, maliza vyeupe vilivyobaki, vya kahawia uvitupe na uingie moja kwa moja kwenye pakiti nyingine, huku kondomu ikitumika kwa siku saba. Hutaona damu mwezi huo na haina madhara. Kwa hakika wanawake wengi hufanya hivyo kwa makusudi mwezi baada ya mwezi, na kwa mtu wa safari kama wewe huenda ndiyo njia salama zaidi ya kumeza vidonge. Na kikikosekana kimoja tu, kimeze unapokumbuka, hata kama ni viwili siku moja, uendelee bila hofu.

Njia zote hizi, isipokuwa kondomu, hazizuii VVU wala magonjwa mengine ya zinaa. Nalitaja kwa wasomaji wote, siyo kwa sababu ya barua yako.

Kadi ya kliniki ukishaifungua, andika nyuma yake maswali unayotaka kuuliza, likiwemo la kitanzi au vijiti siku ya kujifungua, kwa maana lazima lipangwe kabla uchungu haujaanza. Na ukienda, mwambie baba atangulie kukaa kwenye benchi, kliniki nyingi huwahudumia mapema wanaokuja na waume zao.